Usiizime Kwanza

Printa ya nyumbani ikikataa kuamka, karibu kila mtu mtaani kwetu Mishomoroni ana dawa moja: izime, hesabu hadi kumi, iwashe. Dawa hiyo hufaulu mara nyingi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Karatasi inatoka, mwenye haja anashukuru, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na hakuna aliyejua ugonjwa ulikuwa nini. Jioni nyingine mashine imelala tena, na dawa ni ileile. Nimeishi na printa ya Wi-Fi kwa miaka kadhaa sasa, na imenifunza jambo ambalo miaka yangu ya ualimu ilikuwa imelisema kwa sauti ndogo: tatizo lililoondoka bila kueleweka halijaondoka.

Printa yenyewe iliingia nyumbani mwaka wa 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na kuanzia Aprili hadi mapema Julai watu walikatazwa kuingia na kutoka Mombasa. Saiba niliyoitegemea ilikuwa imefunga milango, nami nilikuwa na wanafunzi waliohitaji maswali ya marudio, wengi wao katika nyumba zisizo na simu ya kufungulia masomo. Nikanunua printa ndogo ya wino, nikaiweka juu ya kabati sebuleni, mbali na mikono ya watoto. Maswali yakawa yanatoka hapo, yanapitia dirishani, yanakwenda.

Korona ilipotulia printa ilibaki, na habari zake zikaenea. Leo ustadhi wa madrasa analeta mtihani wake kwenye simu. Kesho kijana anataka wasifu wake wa kuombea kazi bandarini. Mwenye duka anatafuta cheti chake cha kodi cha KRA. Lakini wanaokuja na wasiwasi zaidi ni wale wa cheti cha tabia njema. Eneo letu la Kisauni lina vijana wengi wanaotafuta kazi Ghuba, na safari ya huko haianzi bila cheti hicho. Mtu huomba kupitia eCitizen, hulipa, kisha lazima achapishe fomu ya C24, mbele na nyuma kwenye karatasi moja, aende nayo kuchukuliwa alama za vidole. Wengi wa kwetu huvuka daraja la Nyali alfajiri kwenda kisiwani, kwenye Huduma Centre iliyo katika jengo la Posta, ili wawahi foleni. Fomu isipotoka usiku, siku imepotea.

Ilikuwa ni kwa ajili ya fomu kama hiyo binti wa jirani alisimama mlangoni kwangu baada ya Isha. “Mwalimu, mama anauliza kama fomu imetoka.” Haikuwa imetoka. Laptopu ilikuwa imeandika kwamba printa haiko mtandaoni. Printa ilikuwa juu ya kabati, kioo chake cheusi, taa yake moja ikipumua polepole kama kawaida yake ikilala. Mchana ilikuwa imefanya kazi vizuri kabisa. Mwanangu alishainuka kwenda kuchomoa waya. Nikamwambia asubiri, nimpigie ami yangu kwanza.

Ami anaishi Mikindani, upande wa Changamwe. Alikuwa fundi wa laini katika lile Shirika la Posta na Simu la zamani, lililogawanywa mwaka wa 1999 na kuzaa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Hajawahi kumiliki printa. Lakini kwa umri wake wote wa kazi alikuwa akitafuta mahali ambapo mazungumzo yamekatika, na nilijua hilo ndilo nililokuwa nalo mbele yangu.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Ami, nina mashine hapa imelala, haitaki kuamka.”

“Umeizima?”

“Bado.”

“Basi usiizime. Ukiizima utafuta alama zote. Nenda uibonyeze kwa kidole, uniambie inafanya nini.”

Niliibonyeza. Kioo kikawaka, roli zikanguruma, ikakaa tayari. Nikamwambia.

“Basi hiyo haijalala,” akasema. “Inaamka. Wewe ndiye hufiki kwake.”

Kisha akanieleza walivyokuwa wakifanya kazi. Simu ya mteja ikifa, laini yake ilitoka kwenye mitambo ya ofisini, ikapita kwenye kabati la mtaani, ikapanda nguzo moja baada ya nyingine hadi nyumbani. Fundi mgeni kazini alianza nguzo ya kwanza na kwenda mbele, akichoka juani. Fundi mzoefu alikwenda moja kwa moja katikati na kusikiliza. Sauti ikiwepo pale, nusu yote ya nyuma ni salama, ugonjwa uko mbele. Isipokuwepo, ni kinyume chake. Kisha anaigawa tena nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo laini ya vipande 16 humalizwa kwa vipimo 4 tu, kwa sababu kila kipimo hutupa nusu ya mashaka. Sharti lilikuwa moja: usiguse kitu chochote kabla ya kupima, maana ukitikisa waya uliolegea unaweza kushika kwa muda, simu ikalia, ukaondoka ukidhani umetengeneza. Kesho mteja yuleyule anarudi kulalamika.

Nikafuata njia yake. Kipimo cha kwanza kilikuwa kimeshajibu: kidole kinaiamsha, kwa hivyo mashine yenyewe ni nzima. Cha pili nilikifanya kwenye printa. Nilifungua sehemu ya mipangilio ya mtandao, nikaiamuru ichapishe ukurasa wa hali yake. Printa nyingi za Wi-Fi zina ukurasa huo, na ni mali isiyothaminiwa. Ulionyesha kwamba imeunganishwa kwenye Wi-Fi yetu, na kwamba anwani yake inaishia na 14. Cha tatu, niliandika anwani hiyo kwenye simu yangu, mahali pa kuandikia tovuti. Ukurasa wa ndani wa printa ukafunguka, kiwango cha wino na kila kitu. Kwa hivyo njia ya hewani kutoka kwenye rauta hadi kwenye printa ilikuwa wazi. Ilibaki laptopu. Nikatazama mipangilio yake: ilikuwa ikituma kazi kwenye anwani inayoishia na 7.

“Na nani yuko saba?” ami akauliza.

Nikaangalia orodha ya vifaa kwenye rauta. Saba ilikuwa simu ya rafiki wa mwanangu, aliyekuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka akitazama video. Fomu ya C24 ilikuwa ikibisha hodi kwenye simu yake, na simu haikuwa na habari.

Rauta ya nyumbani hufanya kazi ya mwenye nyumba za kupangisha. Kila kifaa kinachoingia hupewa chumba kwa muda, yaani anwani, na muda ukiisha mkataba hufanywa upya. Kifaa kikiondoka, chumba chake kinaweza kupewa mpangaji mwingine. Rauta nyingi za majumbani zikizimika ghafla hupoteza daftari la nani anakaa wapi, na zikiwaka huanza kugawa upya. Laptopu nayo hushika anwani ya zamani iliyoandikiwa siku printa ilipofungwa, na huendelea kubisha mlango uleule hata kama mwenyewe amehamishwa. Ukizima printa na kuiwasha, huomba anwani upya na kujitangaza upya mtandaoni. Mara nyingine hurudishiwa nambari yake ya zamani, mara nyingine laptopu husikia tangazo na kujirekebisha. Ndiyo sababu dawa ya mtaa hufaulu, na ndiyo sababu haidumu.

Baada ya hapo nilielewa pia kwa nini shida ilikuwa ya jioni. Jioni ndipo stima kwetu hupepesa, na ndipo nyumba hujaa simu: za watoto, za wageni wao, za jirani aliyekuja kuomba nywila. Rauta inazimika na kuwaka, simu zinawahi, printa inapata kilichobaki.

Kulikuwa na kasoro ya pili iliyojificha nyuma ya ya kwanza, nami niliigundua kwa sababu tu nilishaizoea tabia ya kuchapisha ukurasa wa hali kabla ya kugusa waya. Siku moja stima ilipotea na kurudi, na ukurasa ukaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Anwani ya namna hiyo kifaa hujipa chenyewe kikikosa wa kukipa. Maana yake ni kwamba printa iliita mtandaoni na hakuna aliyejibu. Printa huwaka kwa sekunde chache, rauta huchukua dakika nzima au zaidi kuwa tayari. Printa iliuliza mapema, ikakosa jibu, ikakata tamaa na kulala. Kwa macho, hali zote mbili zilifanana: kioo cheusi juu ya kabati. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Tiba ya kasoro ya kwanza ilikuwa kuiwekea printa anwani ya kudumu. Kila kifaa kina utambulisho wa kiwandani, alama 12 za tarakimu na herufi, nao umeandikwa kwenye ukurasa wa hali. Niliingia kwenye mipangilio ya rauta, nikaandika kwamba utambulisho huu upewe anwani hii siku zote na asipewe mwingine. Kisha nikaifuta printa kwenye laptopu na kuifunga upya kwa anwani hiyo. Tiba ya kasoro ya pili ilikuwa betri ndogo ya kushikilia rauta, zile zinazouzwa sasa kila duka la vifaa vya simu, ili stima ikikatika kidogo rauta isizimike kabisa. Ikiwa imezimika, naacha printa hadi rauta itulie. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na hiyo betri haikufua dafu kwa giza la muda ule. Stima iliporudi niliacha rauta iwake kwanza, kisha printa. Anwani ilikuwa ileile.

Wapo wanaoulaumu usingizi wenyewe na kutaka printa isilale kamwe. Usingizi una sababu yake. Mwaka wa 1992 Marekani ilianzisha mpango wa Energy Star wa kupunguza umeme unaoliwa na kompyuta zilizokaa bure, na printa zikaingizwa mwaka uliofuata. Umoja wa Ulaya nao ulitunga kanuni mwaka wa 2013 kuhusu vifaa vinavyosubiri kuitwa kupitia mtandao, ukaviwekea kikomo cha wati chache tu wakati wa kusubiri. Kiwanda hakitengenezi printa moja ya Berlin na nyingine ya Bombolulu, kwa hivyo usingizi huo tumeuziwa sote. Nasi unatufaa. Printa ya leza hupasha roli yake hadi karibu nyuzi 200 ili poda ishike kwenye karatasi, na wakati huo inaweza kuvuta wati mia kadhaa. Anayelipa stima kwa tokeni anajua maana ya kifaa kama hicho kukaa macho bure. Ya wino hula kidogo kuliko hiyo, lakini kidogo cha kila saa hukusanyika.

Tena usingizi wa printa ya Wi-Fi si kiziwi. Rauta hutoa ishara karibu mara kumi kila sekunde, na kifaa kilicholala hufungua sikio kwa vipindi kuzisikiliza. Ikiwa kuna ujumbe wake, rauta huuhifadhi na kukijulisha. Nilipotaka kujua kama yangu husikia kweli, niliiacha ilale kabisa, kisha nikafungua ukurasa wake kutoka kwenye simu bila kuigusa. Iliamka. Isingeamka, ningejua kwamba kasoro iko kwenye usingizi, na hapo ndipo kurefusha muda wa kusubiri kabla ya kulala au kusasisha programu yake ya ndani kungekuwa na maana. Wengi huanza na hayo kabla ya kupima.

Kuna dhana nyingine niliyoikuta kila nyumba niliyoitwa kusaidia, kuanzia Magogoni hadi Likoni ng’ambo ya feri: kwamba Wi-Fi ya mwezi ikiisha, printa nayo imeisha. Watu hununua kifurushi cha haraka ili wachapishe karatasi moja. Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa mwaka wa 2009 ikitokea Fujairah, zaidi ya kilomita 4,000 chini ya bahari, na tangu hapo intaneti ya nyumbani imekuwa jambo la kawaida mitaani kwetu. Lakini hati iliyoko tayari kwenye laptopu haiendi Fujairah. Inakwenda kwenye rauta iliyoko sebuleni na kurudi kwenye printa iliyoko sebuleni. Mradi rauta inawaka na printa haitegemei huduma ya mbali ya kiwanda chake, karatasi itatoka hata kama hujalipa. Ami angesema: jua laini inapita wapi kabla ya kuitafutia ugonjwa.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Printa nyingi za nyumbani husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hivyo rauta iliyowekwa kwenye 5 peke yake haitaonekana kwake kabisa. Kwenye Windows kuna mahali pa kuiambia kompyuta iulize hali ya printa kabla ya kutuma kazi. Printa ikichelewa kujibu kwa usingizi, kompyuta huitangaza haipo, na kuondoa alama kwenye kisanduku hicho mara nyingine humaliza kesi. Na ukiona kazi haijatoka, usiitume tena na tena. Kazi zote hupanga foleni, na siku printa ikipatikana zitamiminika zote, wino na karatasi vikienda bure.

Kinachonikera katika haya yote ni ufupi wa maneno ya mashine. Haiko mtandaoni, basi. Haisemi niliuliza anwani gani, nikakosa nini. Si kero ya leo. Karibu na mwaka wa 1980, katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, Richard Stallman alikuwa ameishughulikia programu ya printa ya zamani ili iwajulishe watumiaji karatasi inapokwama. Ilipoletwa printa mpya ya Xerox alitaka kufanya vivyo hivyo, akanyimwa msimbo chanzo wa programu yake. Kisa hicho amekitaja mara nyingi kama moja ya mambo yaliyomsukuma kuanzisha harakati za programu huria, na mradi wake wa GNU aliutangaza mwaka wa 1983. Sehemu kubwa ya programu zinazoendesha intaneti leo imerithi kitu kutoka kwake. Hakuwa akiomba karatasi isikwame. Aliomba mashine iseme imekwama, na wapi.

Nilikichukua kipimo cha ami nikakipeleka darasani. Mtoto anayekaa kimya ukimwuliza swali huitwa mvivu upesi, na dawa yetu ya kuzima na kuwasha ni kumsimamisha, kumkemea, au kumwita mzazi. Wakati mwingine hufaulu kwa siku moja. Siku hizi namwuliza kwanza lile analolijua bila shaka. Akijibu, najua anasikia na yuko nami. Kisha namwonyesha swali lilelile limeandikwa. Akijibu la kuandikwa na kushindwa la kutamkwa, nimeshajua nitafute wapi: masikio, mahali alipokaa, haya mbele ya wenzake. Kila swali linaondoa nusu ya makosa ninayoweza kumtendea. Wapo niliowaona wakihamishiwa dawati la mbele na kimya chao kikaisha, bila kiboko wala barua nyumbani.

Naiona dawa ile ya haraka pia katika mambo yetu ya jumla. Bomba la mtaa likikauka tunaita gari la maji. Mtaro ukifurika tunachimba palepale ulipofurikia. Maji yanapatikana, barabara inapitika, na mwaka ujao tunakutana pale pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kuna njia ya kuficha maradhi iliyo ya heshima kabisa: kuyatibu haraka kabla hayajasema jina lake.

Sisemi kuzima na kuwasha ni haramu. Mgonjwa akizidiwa usiku hupewa cha kutuliza, na mtu mwenye foleni ya alfajiri anastahili fomu yake kwanza. Lakini kabla ya kuzima, chukua dakika mbili. Bonyeza kitufe uone kama mashine inaamka. Chapisha ukurasa wa hali yake usome anwani. Fungua anwani hiyo kwenye simu. Tazama laptopu yako inatuma wapi. Andika ulichokiona nyuma ya karatasi, uibandike ubavuni mwa printa. Ukishafanya hivyo, izime ukitaka.